Robert Badinter: wakili aliyempoteza mteja kwenye gilotini, akarudi akiwa Waziri wa Sheria

MKONGOJO (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Humu tukizungumzia siasa za Ufaransa hatutoki nje ya De Gaulle, Sarkozy, Macron na faranga ya CFA. Leo nawaletea mtu ambaye hakuwahi kuwa rais wala waziri mkuu, na kwenye Bunge la Taifa hakuwahi kukalia kiti cha mbunge. Uwaziri wenyewe alikaa nao chini ya miaka mitano. Lakini tarehe 9 Oktoba 2025 Wafaransa walimwingiza Panthéon, jengo lile la Paris wanamoenziwa akina Voltaire na Victor Hugo.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite salama.

Badinter alizaliwa Paris tarehe 30 Machi 1928. Wazazi wake, Simon na Charlotte, walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Bessarabia, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa ni Moldova. Mzee alifanya biashara ya manyoya. Vita ilipokolea na Paris ikawa mikononi mwa Wajerumani, familia ikahamia Lyon.

Tarehe 9 Februari 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakavamia ofisi ya msaada ya Wayahudi katika mtaa wa Sainte-Catherine, hapo hapo Lyon. Hawakuvunja na kuondoka. Walikaa ndani wakisubiri, na kila aliyekuja kubisha hodi kuomba chakula, dawa au karatasi alivutwa ndani. Siku ile walikamatwa watu 86. Simon Badinter alikuwa mmojawapo. Akasafirishwa mpaka kambi ya Sobibor, Poland, na hakurudi. Robert alikuwa na miaka 14.

Mkuu wa Gestapo aliyeongoza ukamataji ule aliitwa Klaus Barbie. Shikeni jina hilo, tutarudi kwake.

Baada ya vita kijana akasoma sheria Paris, akaenda Columbia kule New York, akarudi na kuanza uwakili mwaka 1951. Msidhani alianza kwa kutetea wanyonge. Alikuwa wakili wa makampuni, wasanii na wenye mali zao, halafu profesa wa chuo kikuu. Mke wake wa pili, Élisabeth, ni binti wa mwanzilishi wa Publicis, kampuni kubwa ya matangazo. Kwa ufupi alikuwa ameshafika. Angeweza kuzeeka hivyo hivyo na suti zake nzuri.

Kilichombadilisha ni kesi moja aliyoshindwa.

Septemba 1971, gereza la Clairvaux. Wafungwa wawili, Claude Buffet na Roger Bontems, walijifungia kwenye zahanati ya gereza wakiwa na mateka wawili, nesi na askari. Vikosi vilipovunja mlango vikawakuta mateka wamechinjwa. Ufaransa nzima ilichemka. Kesi ikasikilizwa Troyes mwaka 1972, na nje ya mahakama umati ukipiga kelele kutaka wauawe.

Badinter alikuwa upande wa Bontems. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: aliyeshika kisu na kuua ni Buffet. Na mahakama ilimkubalia! Ilitamka kwamba Bontems hakuua kwa mkono wake. Kisha ikamhukumu kifo hivyo hivyo, kama mshiriki.

Rufaa ikagonga mwamba. Rais Pompidou akakataa kutoa msamaha. Alfajiri ya tarehe 28 Novemba 1972, kwenye ua wa gereza la La Santé, Paris, gilotini, ile mashine ya kukata kichwa, ikasimamishwa chini ya turubai jeusi ili asione mtu wa juu ghorofani. Kule wakili wa aliyehukumiwa alikuwa na haki ya kumsindikiza mteja wake mpaka mwisho. Badinter akaenda. Alimwona Bontems akiamshwa, akitayarishwa, akichukuliwa. Akausikia mlio wa lile bapa likishuka.

Mpaka siku hiyo aliipinga adhabu ya kifo kama wasomi wengi wanavyopinga vitu, kwa maneno. Baada ya siku hiyo ikawa kazi yake.

Nakunywa maji, naendelea.

KITI CHA MBELE

Nimeshakaa mkuu. Karanga ninazo.

NGOSHA WA MACHIMBO

Mleta uzi, nakuheshimu, ila hizi habari huwa zinanipandisha presha. Mdogo wangu aliuawa na majambazi mwaka 2009 kwa sababu ya pikipiki. Pikipiki! Mama yetu mpaka leo hapiti ile njia. Halafu nije kusoma hapa eti wakili tajiri kasikia mlio wa bapa akaumia moyo. Na wale mateka wawili waliochinjwa, mlio wao aliusikia nani?

MKONGOJO

Ngosha, pole sana ndugu yangu, na pole ya mama. Swali lako si dogo, na ndilo hilo hilo alilokuwa akitupiwa miaka yote barabarani na kwa barua za matusi. Ngoja nikupe kesi iliyofuata, maana hiyo itakukera zaidi, lakini siwezi kuiruka.

Troyes tena. Januari 1976 mtoto wa miaka saba anatekwa anapotoka shule, mtekaji anadai fedha. Polisi wanamshuku kijana mmoja, Patrick Henry, wanamhoji, wanamwachia. Yule bwana akasimama mbele ya kamera za televisheni akasema mtu aliyefanya jambo kama hilo anastahili kufa. Siku chache baadaye wakakuta maiti ya mtoto chini ya kitanda kwenye chumba alichopanga yeye mwenyewe.

Hapo hakuna cha "hakuua yeye". Hakuna shaka yoyote. Badinter alikubali kumtetea, pamoja na wakili wa pale pale Troyes, Robert Bocquillon.

Sasa muone akili. Hakusimama kumsafisha mteja. Aliigeuza kesi ikawa ya gilotini yenyewe. Akaita wataalamu waeleze kama adhabu ya kifo imewahi kupunguza uhalifu popote. Kisha kwenye hotuba ya mwisho akawageukia wale raia tisa waliokaa na majaji watatu, akawaambia kwamba ipo siku adhabu hii itafutwa, wao watabaki na uamuzi wao, na watoto wao watawauliza. Yaani alimtoa kila mmoja kwenye kundi akamweka peke yake na kichwa cha mtu.

Ikatoka kifungo cha maisha. Watu walishikwa na bumbuwazi, kwa sababu kama kulikuwa na mtu Ufaransa ambaye kila mtu alijua atakatwa, ni huyo.

Na nisikufiche mwisho wake. Patrick Henry aliachiwa kwa masharti mwaka 2001, na mwaka uliofuata akakamatwa Hispania na shehena ya bangi, akarudishwa ndani. Akatolewa mwaka 2017 kwa sababu ya saratani, akafa mwaka huo huo. Waliokuwa wakimpinga Badinter walilitumia hilo mpaka likachakaa.

NGOSHA WA MACHIMBO

Angalau hukuficha. Endelea, bado sijakubali.

KARANI MSTAAFU

Niongeze kidogo kabla mleta uzi hajafika 1981. Vijana wengi humu hawajui sheria yao wenyewe. Hapa Tanzania, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 197 kwa kosa la kuua kwa kukusudia haimpi jaji nafasi ya kuchagua. Akishakutia hatiani, ni kunyongwa, basi. Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika mwenendo wa mashauri, nimeona majaji wakisoma adhabu ile macho yakiwa kwenye karatasi tu. Lakini tangu enzi za Mzee Mwinyi hakuna aliyenyongwa. Magufuli mwaka 2017 alisema hadharani, wakati anamwapisha Jaji Mkuu, kwamba hatasaini. Kwa hiyo watu wanahukumiwa kufa halafu wanakaa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo hapo Arusha, ilisema mwaka 2019 kwenye shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba hiyo lazima ya kifungu inakiuka haki ya kuishi. Wakenya wao Mahakama ya Juu iliiondoa lazima hiyo Desemba 2017, kesi ya Muruatetu.

Nasema hivi kwa sababu Ufaransa nayo ilipitia kipindi kama hiki, rais anasema haipendi ile kitu lakini haifuti.

MKONGOJO

Karani umenirahisishia. Giscard d'Estaing aliyefuata baada ya Pompidou alisema wazi kwamba adhabu ile inamchukiza. Na chini yake vichwa vitatu vilikatwa. Wa mwisho alikuwa Hamida Djandoubi, Mtunisia aliyekatwa mguu mmoja kutokana na ajali kazini, tarehe 10 Septemba 1977 gereza la Baumettes, Marseille. Hiyo ni miezi minane tu baada ya Patrick Henry kupona. Badinter aliendelea kuzunguka na mahakama za mikoani, na hesabu inayotajwa ni kwamba aliokoa watu sita wasiende kwenye gilotini.

Halafu ikaja siasa. Alikuwa mtu wa karibu wa François Mitterrand kwenye chama cha Kisoshalisti. Machi 1981, kampeni zimepamba moto, Mitterrand akaulizwa kwenye televisheni. Kura za maoni zilionyesha zaidi ya asilimia 60 ya Wafaransa wanataka gilotini ibaki. Mgombea yeyote mwenye akili za uchaguzi angezunguka mbuyu. Yeye akajibu kwamba katika dhamiri yake anaipinga, na akipewa nchi ataifuta. Akapewa nchi Mei.

Kwanza Wizara ya Sheria alipewa Maurice Faure, hakumaliza hata mwezi na nusu. Tarehe 23 Juni 1981 ikaja kwa Badinter. Kule waziri huyo bado anaitwa kwa cheo cha kale, Mlinzi wa Mihuri.

Tarehe 17 Septemba akapanda jukwaani Bunge la Taifa. Sentensi ya kwanza haikuwa na nakshi yoyote: kwa niaba ya Serikali ya Jamhuri, anaomba Bunge lifute adhabu ya kifo. Karibu na mwisho akasema kesho, kwa msaada wenu, haki ya Ufaransa haitakuwa tena haki inayoua. Kesho yake kura zikapigwa, 363 wakaafiki, 117 wakakataa. Miongoni mwa walioafiki alikuwemo Jacques Chirac, mpinzani mkubwa wa serikali ile. Kigugumizi kilitarajiwa Seneti, ambako wahafidhina walikuwa wengi. Ikapita huko nako tarehe 30 Septemba, 160 kwa 126, bila kubadilishwa hata nukta. Sheria ikasainiwa tarehe 9 Oktoba 1981.

Wengi ndio wanakomea hapo. Ila bado ana mambo.

BI NURU

Kaka Mkongojo, usisahau Barbie, umetuambia tushike jina na mimi nimelishika tangu asubuhi nikipika.

MKONGOJO

Dada, hapo ndipo nilipotaka kufika.

Barbie baada ya vita alijificha Bolivia kwa jina la Klaus Altmann. Miaka inakwenda, anaishi zake, anashirikiana na tawala za kijeshi za kule. Utawala ukabadilika, na Februari 1983 Bolivia wakamfukuza. Akashushwa Ufaransa, akapelekwa Lyon, kwenye gereza la Montluc. Hilo ndilo gereza alilokuwa akiwafungia na kuwatesa watu enzi zake. Haikutokea kwa bahati. Waziri Mkuu Pierre Mauroy na Badinter walitaka aanzie pale.

Sasa pigeni picha. Waziri wa Sheria wa nchi ni mtoto wa Simon Badinter. Aliyeletwa na pingu ni mtu aliyeongoza uvamizi wa mtaa wa Sainte-Catherine. Na miezi kumi na sita tu nyuma, waziri huyo huyo alikuwa ameiondoa adhabu pekee ambayo umati ungeitaka kwa Barbie.

Kesi ilikuja kusikilizwa 1987, Badinter akiwa ameshatoka wizarani. Ule uvamizi wa Sainte-Catherine ulikuwa sehemu ya mashtaka, pamoja na ukamataji wa watoto 44 wa Kiyahudi kwenye makazi yao ya Izieu. Barbie akapata kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu, akafia gerezani mwaka 1991. Na mjue kesi ile ilirekodiwa kwa kamera kutokana na sheria ya 1985 iliyopitishwa wakati wa Badinter, inayoruhusu kesi zenye uzito wa kihistoria zihifadhiwe.

Ngosha, sikuletei hili kama jibu la mdogo wako. Nimelileta kwa sababu mtu akisema Badinter aliongea vile kwa kuwa hajawahi kuuliwa ndugu, hiyo siyo kweli.

NGOSHA WA MACHIMBO

Nimesoma mara mbili. Sawa. Hapo kwa Barbie amenipata, sijui niseme nini. Lakini yeye alikuwa na serikali nzima mkononi kumrudisha muuaji wa baba yake. Sisi faili la mdogo wangu lilipotea. Ningejua kuna mtu amefungwa hata miaka kumi, labda ningeongea lugha nyingine.

JICHO LA TATU

Uzi mzuri ila msimpake Mitterrand mafuta. Huyo huyo alikuwa Waziri wa Sheria mwaka 1956 na 1957, vita ya Algeria. Waalgeria kwa makumi walikatwa vichwa kipindi chake, na yeye hakuwa akiwaombea msamaha. Kufuta gilotini mwaka 1981 ni kama mtu aliyekata msitu kuja kuzindua siku ya kupanda miti.

MKONGOJO

Jicho, sikupingi hata kidogo. Ndiyo maana nimeandika uzi wa Badinter, sijaandika wa bosi wake. Ila siasa ndivyo zilivyo, mwenye mikono michafu wakati mwingine ndiye mwenye kalamu.

Na usidhani Badinter alipendwa wizarani. Alikuwa waziri aliyechukiwa kuliko wote. Mwishoni mwa Mei 1983 askari polisi wawili waliuawa Paris. Tarehe 3 Juni polisi wenyewe wakaandamana, maelfu, mpaka chini ya madirisha ya wizara yake pale Place Vendôme, wakimtaka ajiuzulu. Askari wa nchi kumzomea Waziri wa Sheria wa nchi hiyo hiyo! Hakujiuzulu.

Mengine aliyofanya nayapitia mbio. Alifuta mahakama maalumu ya usalama wa dola. Aliwafungulia raia wa Ufaransa mlango wa kwenda wao wenyewe Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mwaka 1982 ikafutwa sheria iliyokuwa ikiwabagua mashoga kwenye umri wa ridhaa, na najua hapo baadhi yenu mtatoa povu, tolea uzi wake. Magerezani aliondoa vioo vilivyotenganisha mfungwa na mgeni wake na kuruhusu televisheni kwenye vyumba, magazeti yakapiga kelele kwamba amegeuza jela kuwa hoteli.

Lakini iliyonivutia mimi dereva ni sheria ya tarehe 5 Julai 1985, mpaka leo Wafaransa wanaiita sheria ya Badinter. Inahusu ajali za barabarani. Mtembea kwa miguu akigongwa na gari, fidia ya majeraha yake karibu iko mezani. Bima hawawezi kumwambia "ulivuka bila kuangalia" wakamnyima. Mpaka ithibitike alifanya uzembe usiosameheka na kwamba uzembe huo peke yake ndio ulioleta ajali. Kwa watoto, wazee na walemavu ulinzi ni mkubwa zaidi. Kila mwaka inawagusa watu wengi kuliko gilotini ilivyowagusa karne nzima, na hakuna anayeiimba.

MTU WA KIGOMA

Mimi nimeishi jirani na hizo habari. Rwanda walipiga risasi watu 22 hadharani Aprili 1998 kwa mauaji ya kimbari. Mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha yenyewe haikuwa na adhabu ya kifo. Ilipofika wakati wa kuhamisha kesi kwenda Kigali, Arusha ikawa haiwezi kumpeleka mtu kwenye nchi ambayo atauawa. Rwanda wakaifuta mwaka 2007. Burundi wakafuata 2009. Kongo wao mwaka 2024 wameamua kurudisha utekelezaji. Mleta uzi akisema haya ni mambo ya Ulaya tu, sikubali.

KARANI MSTAAFU

Na kuna kipande kimeachwa. Baada ya uwaziri alikuwa Rais wa Baraza la Katiba miaka tisa, 1986 mpaka 1995. Katikati hapo Yugoslavia ikaanza kumeguka, Jumuiya ya Ulaya ikaunda tume ya majaji kutoa maoni ya kisheria, yeye mwenyekiti. Swali lilikuwa: jamhuri zikijitenga, mipaka ni ipi? Tume ikasema mipaka iliyokuwepo ndani ndiyo inakuwa ya kimataifa. Na walinukuu nini? Hukumu ya mgogoro wa mpaka wa Burkina Faso na Mali ya mwaka 1986 kutoka Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, ambayo yenyewe imesimama juu ya kanuni yetu ya Afrika ya kuheshimu mipaka tuliyoikuta, ile ya mkutano wa OAU, Cairo 1964, ambayo Mwalimu aliipigania. Yaani Badinter alikwenda kuazima Afrika ili kuigawa Yugoslavia.

KITI CHA MBELE

Karani umeshusha nondo. Hii sikuijua kabisa.

BI NURU

Na alikufa lini? Mke wake yupo?

MKONGOJO

Alimalizia siasa Seneti, mwakilishi wa Hauts-de-Seine, kuanzia 1995 mpaka 2011. Mwaka 2007 aliona jambo lake likipanda ngazi ya mwisho: Chirac, yule yule aliyeafiki 1981, sasa akiwa rais, aliitisha mabunge mawili Versailles na marufuku ya adhabu ya kifo ikaandikwa ndani ya Katiba, ibara ya 66-1.

Alifariki Paris akiwa na miaka 95. Tarehe ilikuwa 9 Februari 2024. Bi Nuru, rudi juu uangalie siku baba yake aliyokamatwa.

Élisabeth yupo, ni mwanafalsafa mwenye jina lake. Kaburi la Badinter liko makaburi ya Bagneux, nje kidogo ya Paris, na Panthéon limewekwa jeneza la kumbukumbu, mwili haukuhamishwa. Siku ile ile ya hafla, tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi watu walikuta kaburi hilo limechafuliwa kwa rangi na maneno ya kumlaani kwa sababu ya wauaji aliowatetea. Miaka 44 kamili tangu sheria isainiwe.

JICHO LA TATU

Mkongojo, kabla hujafunga: wakili wa Barbie alikuwa Jacques Vergès, sio? Yule aliyekuwa akiwatetea Waalgeria wakati Mitterrand anawakata vichwa?

MKONGOJO

Ndiye. Huyo hatoshi kwenye jibu la mistari miwili. Nipeni mpaka Jumamosi, nina safari ya mzigo Tunduma, nikirudi namfungulia uzi wake.